Tumbo tupu, kichwa kizito: chakula, usingizi na afya ya akili msimu wa masika



Ndugu msomaji, kila mwaka kuanzia Februari hadi Aprili, benchi la wagonjwa wa nje hapa Kivukoni huwa na watu wengi wenye lalamiko linalofanana. “Daktari, moyo unakwenda mbio. Kichwa kinawaka moto. Usingizi sipati. Naomba unipime presha.” Presha inapimwa, inaonekana ya kawaida. Kipimo cha haraka cha malaria kinafanywa, hakionyeshi kitu. Mgonjwa anapewa panado na kuondoka na huzuni ile ile aliyokuja nayo. Akifika njiani anakutana na mwenzake anayemwambia kuwa hayo si maradhi ya hospitali.

Safu ya leo inahusu maswali mawili ambayo mgonjwa huyu mara nyingi haulizwi: jana ulikula nini, na usiku ulilala kwa muda gani? Dhiki ina sababu zake, na tabibu hana dawa ya kulipa deni wala ya kuzuia mto usijae. Lakini mtu mwenye mawazo kwanza huacha kula vizuri na huacha kulala, na mambo hayo mawili peke yake yanatosha kumfanya mtu mzima mwenye akili timamu aonekane kama mgonjwa wa akili. Tukiyalinda haya mawili, mzigo unabaki ule ule lakini mbebaji anakuwa na nguvu za kuubeba.

Tuanze na hali ya hapa kwetu, kwani bonde la Kilombero lina kalenda yake. Mpunga wa mwaka jana umekwisha ghalani au umeuzwa, wa mwaka huu bado uko shambani na hautavunwa mpaka Mei au Juni. Katikati ndipo pana palizi, ada za shule, mbolea, na mikopo hii ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Wapo walioshauza mpunga ungali haujaiva. Kisha mvua inakuja, na kila mtu anautazama mto. Mafuriko ya 2024 hayajasahaulika: watu walipoteza mashamba na nyumba, na aliyeyaona yale hawezi kusikia mvua ya usiku kucha akageuka upande wa pili akaendelea kulala. Hapa Kivukoni wapo pia waliokuwapo Januari 2016 kivuko kilipozama, miaka miwili kabla daraja halijafunguliwa. Mtu aliyeokoka katika maji, au aliyempoteza ndugu yake humo, anaweza kushtuka miaka mingi baadaye kwa jambo dogo tu. Huo si udhaifu wa imani. Ni mwili unaokumbuka.

Sasa katika msimu huo huo, nyumba nyingi hupunguza mlo. Baba na mama hula mara moja kwa siku ili watoto wapate mara mbili. Wengi hudhani madhara yake ni ya tumbo tu, mtu anakonda halafu mavuno yakija ananenepa. Kwa hakika si hivyo, na upo ushahidi wa zamani ambao napenda kila mkuu wa kaya aufahamu.

Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitaka kujua njaa inamfanya nini mwanadamu, ili wenye njaa wa Ulaya wajulikane namna ya kusaidiwa. Wakajitolea vijana wa kiume 36, wote wamepimwa na kuonekana wana afya ya mwili na ya akili. Kuanzia Februari hadi Julai 1945 walipewa chakula pungufu, milo miwili kwa siku, zaidi ikiwa ni viazi, mikate na kabichi. Hawakuachwa bila chakula kabisa, ndugu msomaji. Walikuwa wanakula, ila kiasi ni kama nusu ya walichozoea. Walipungua takriban robo ya uzito wao.

Lakini kilichowashangaza wataalamu zaidi ni tabia. Vijana waliokuwa wachangamfu wakawa wanakasirika kwa neno dogo. Wakaacha kucheka. Wakaacha kutaka kukaa na wenzao. Umakini ukapotea, huzuni ikaingia, na mawazo yao yote yakawa ni chakula: wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi usiku kama mtu anavyosoma riwaya. Hakuna aliyekuwa na deni, hakuna aliyefiwa. Ni njaa tu. Na waliporudishiwa chakula, hawakurudi hali zao kwa siku moja, iliwachukua miezi.

Tafakari jambo hili unapomwona mumeo amekuwa mkali mwezi wa tatu, au mkeo amekuwa hasemi, au kijana aliyekuwa akifanya vizuri madrasa na shule sasa anasahau kila kitu. Kabla hatujasema amerogwa au amebadilika, tuangalie sufuria.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo liko mikononi mwetu hata katika umaskini. Mtu mwenye mawazo hapa kwetu anaanza siku vipi? Anaamka hajalala vizuri, anakunywa chai ya rangi iliyokolea, sukari vijiko vitatu au vinne, na andazi moja kama lipo. Anashinda hivyo mpaka jioni. Mwili wenye wasiwasi tayari unatoa homoni ya hatari iitwayo adrenalini, ile inayomfanya mtu akimwona nyoka moyo umpige na mikono imtetemeke. Kafeini iliyomo katika majani ya chai na kahawa inaongeza mapigo hayo hayo. Sukari nayo huingia haraka na kuisha haraka, na ikishuka, mwili hutoa adrenalini tena ili kuipandisha. Hivyo ikifika saa tano asubuhi mtu anatetemeka, jasho jembamba, moyo unagonga, na tumbo halina kitu. Anasema, “Presha imepanda.” Sehemu kubwa ya hofu ile ni mwili wake unaodai chakula.

Vijana wa bodaboda wao wamehama kutoka chai wakaenda kwenye vile vinywaji vya chupa vya kuongeza nguvu. Nasema wazi kwamba siviamini. Havina nguvu yoyote ya kuongeza. Vina kafeini na sukari, vinamkopesha mtu nguvu za kesho. Kikinywewa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku karibu nusu ya kafeini yake ingali mwilini, na kijana analala macho yakiwa makavu akitazama dari. Ama pombe, hukumu yake sote tunaijua, lakini hata kwa upande wa tiba tu inafaa ifahamike kwamba anayeinywa ili alale husinzia mapema na kugutuka usiku wa manane akiwa na wasiwasi maradufu.

Badala yake nini? Asubuhi, kabla ya chai, tia kitu cha kukaa tumboni. Uji wa dona wenye karanga zilizotwangwa. Kiporo cha wali na maharage. Viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha. Ukitaka chai, inywe baadaye, na iwe nyepesi. Hapo pana faida nyingine ambayo kina mama hawaambiwi: chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usifyonze vizuri madini ya chuma yaliyomo katika mboga na kunde. Mwanamke mwenye upungufu wa damu huchoka, hupumua kwa shida, moyo humwenda mbio, na hukosa hamu ya kila kitu. Dalili hizo zinafanana sana na za mawazo. Katika bonde hili lenye malaria, wenye upungufu wa damu si wachache. Basi iachieni chai saa moja baada ya chakula, na mboga ikamuliwe ndimu, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Ama kuhusu wali. Sisi ni watu wa mpunga na sitathubutu kumwambia mtu wa Ifakara aache wali. Lakini tujue kwamba mashine ikiukoboa mchele na kuung'arisha, pumba inaondoka na vitamini B1, ambayo ubongo na mishipa ya fahamu huihitaji ili kutumia chakula tunachokula. Hili liligunduliwa katika kisiwa cha Java miaka ya 1890, pale daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman alipoona kuku waliolishwa wali mweupe wakilegea miguu, na waliolishwa mchele wenye pumba wakipona. Hivyo wali mweupe na chumvi, au wali na mchuzi wa nyanya tu, siku baada ya siku, ni mlo unaoshibisha tumbo na kuuacha ubongo na njaa. Kinachouokoa wali ni jirani zake sahaniani: maharage, kunde, mbaazi, choroko, samaki. Perege na kambale wa mto wetu, hata mkavu wa moshi, hata dagaa, ni chakula cha ubongo ambacho watu wa mijini wanakinunua kwa bei. Ufuta tunaoulima na kuuza wote kwa wachuuzi, tubakishe kibaba kimoja cha kutia kwenye mboga. Matembele, kisamvu, majani ya maboga na ya kunde yako nyuma ya nyumba.

Je, chakula cha namna hii kinaweza kumsaidia hata mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa sonona, yaani huzuni iliyokwisha kuwa maradhi? Huko Australia, Profesa Felice Jacka na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti wa wagonjwa 67. Kundi moja lilifundishwa kula kunde, mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, samaki na karanga, na kupunguza sukari na vyakula vya viwandani. Kundi la pili lilipewa mtu wa kukaa na kuzungumza nao tu. Baada ya wiki 12, katika kundi la chakula karibu theluthi moja walikuwa wametoka katika sonona, na katika kundi la pili walikuwa takriban 8 katika kila 100. Wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu yao ya kawaida, na utafiti wenyewe ni mdogo, hivyo asitoke mtu akasema maharage yanatibu wendawazimu. Lakini tazama orodha ile ya vyakula. Ukiondoa mafuta ya zeituni waliyotumia wao, vilivyobaki viko katika soko la Ifakara.

Usingizi sasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa hapendi kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim. Hesabu mwenyewe: Isha kwetu ni kiasi cha saa mbili usiku. Mtu akilala saa tatu na kuamka saa kumi na moja kwa Alfajiri, amepata saa nane, na hicho ni kiasi ambacho madaktari wa dunia nzima wanamwambia mtu mzima akitafute. Tumeuacha mpango huo kwa ajili ya simu. Kijana anaswali Isha, anaingia kitandani na simu mpaka saa sita, Alfajiri inampita au anaiswali akiwa hajui kasoma nini, kisha mchana anasema ana msongo. Mwanga wa simu ile huuambia ubongo kuwa bado ni mchana, na habari zilizomo humo hazimtulizi mtu.

Hata hivyo wapo wasio na uchaguzi. Anayelala kwenye dungu akilinda mpunga usiliwe na nguruwe au usikanyagwe na viboko hawezi kulala saa nane mfululizo. Kwa hao ninashauri zamu: wawili walinde, mmoja alale nusu ya kwanza ya usiku na mwingine ya pili, na ahadi hiyo iheshimiwe kama inavyoheshimiwa zamu ya maji. Wanaoamia ndege mchana nao wabadilishane. Aidha usingizi mfupi wa mchana, ile kailula tuliyofundishwa na masheikh wetu, unafaa sana. Nusu saa kabla au baada ya Adhuhuri yatosha, ukizidisha utakula usingizi wa usiku. Chandarua kiwepo hata dunguni, kwani mtu anayepigana na mbu usiku kucha halali, na mbu wa Kilombero anafahamika.

Nionye juu ya jambo moja. Wapo wanaonunua vidonge vya usingizi katika maduka ya dawa bila cheti, au wanagawiana majirani kama wanavyogawiana chumvi. Vidonge vile vikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa, mwili huvizoea, kisha usingizi haupatikani bila hivyo, na kuviacha ghafla kunaweza kuleta hata degedege kwa mtu mzima. Asivitumie mtu bila kuandikiwa, na anayevitumia tayari asiviache kwa siku moja. Aje apunguziwe taratibu.

Baada ya chakula na usingizi, nizungumzie msiba, kwa kuwa hapo tumegeuza mambo. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa katika vita vya Mu'ta, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe, kwa sababu limewafika la kuwashughulisha. Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Sisi mfiwa ndiye anayepika. Mjane hajala tangu jana, hajalala siku mbili, na anaulizwa mchele utoke wapi na mbuzi anunuliwe kwa nani. Wakiondoka watu, anabaki na deni, na mwili uliokwisha. Wengi ninaowaona wameanguka katika sonona baada ya kufiwa, ukiwauliza unakuta mwezi mzima hakuna aliyewahi kusimama juu yao kuhakikisha wamekula.

Na Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akifiwa na jamaa zake, wageni wakishaondoka, huamuru ipikwe talbina, ambayo ni uji mwepesi wa unga, akisimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alisema unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Nimependa sana neno lile “baadhi”. Hakuahidiwa mtu kwamba uji utamaliza msiba. Wanaouza unga wa shayiri kwa bei kubwa wakisema unatibu kila ugonjwa wa akili wamelisahau neno hilo. Mwenye shayiri atumie. Asiye nayo, uji wa mtama, wa ulezi au wa mchele, mwepesi, wa uvuguvugu, upelekwe na jirani mara mbili kwa siku hata kama atakunywa nusu kikombe. Mwenye huzuni nyingi hawezi kumeza pilau.

Sasa, chakula na usingizi vina mpaka wake. Ikiwa mtu amepita wiki mbili akiwa na huzuni karibu kila siku, au hana raha na kitu chochote alichokuwa akikipenda, ameshindwa kazi, anajiona hana thamani, amepungua sana, anasikia sauti wasizozisikia wengine, au mama aliyejifungua anaogopa mtoto wake mwenyewe, huyo aletwe kituoni. Anayetaka kumsomea dua na amsomee. Kisomo hakizuii kidonge na kidonge hakizuii kisomo. Dawa za sonona zipo, hazianzi kufanya kazi siku ya kwanza bali baada ya wiki mbili hadi nne, na wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifai. Na tumpime kwanza, kwani upungufu wa damu, kisukari, ugonjwa wa tezi na hata malaria huweza kuvaa nguo za mawazo.

Mtu akisema amechoka kuishi, usimkemee wala usimwambie anakufuru. Kaa naye, muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu kuwa kuna aliyesikia. Asiachwe peke yake. Dawa za kuua wadudu na magugu za shambani, ambazo nyumba nyingi huziweka chini ya kitanda, ziondolewe siku hiyo hiyo zipelekwe kwa jirani, pamoja na vidonge vyote vilivyomo ndani. Kisha aletwe, akisindikizwa na anayemwamini.

Mwisho ni kwa wenye kifafa, ambao katika upande huu wa Ulanga ni wengi kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Tangu 1960, pale Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanza kliniki yao Mahenge, jambo hili limekuwa likiandikwa. Kukosa usingizi na kukatisha dawa ndivyo vinavyoleta degedege zaidi kuliko kitu kingine. Ramadhani watu hukesha mpaka daku na hubadilisha saa za dawa bila kuuliza. Njoo kituoni wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, na kadi yako na vidonge vyako mkononi. Dawa ya mara moja kwa siku inaweza kunywewa usiku. Ya mara mbili tutaangalia kama inawezekana kupangwa baina ya futari na daku, na ikishindikana tutakwambia, uende kwa sheikh wako ukiwa na maelezo hayo, kwani mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul Baqara. Siku za kliniki ziulize dirishani, na uje na mtu mnayelala nyumba moja, maana yeye ndiye anayejua usiku ulikuwaje.